Picha ya Mahali Alipo Ignasi

Fransiska alikataa kitanda. Siku ile habari ilipofika Msanzi kwamba ziwa limemchukua mwanawe Ignasi, alitandika mkeka sakafuni, akalala hapo, akasema hapandi kitandani mpaka mtoto azikwe. Watu wakamwelewa, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wakadhani ni jambo la siku tatu nne, mwili utaibuka, utaletwa, watazika, yaishe. Mwili haukuibuka. Oktoba ikapita, Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, mahindi yakakauka shambani yakavunwa, na mwezi wa sita ukaingia na baridi yake ile ya Ufipa inayoingia mpaka kwenye mizizi ya meno. Mama wa miaka sabini na moja bado alikuwa chini. Kifua kilimkoroma, miguu ilimvimba, na daktari aliyeletwa kumwona aliwavuta watoto pembeni akawaambia wazi: huyu mama mtoeni sakafuni, baridi itamuua.

Mtoeni! Alisema kirahisi kwa sababu hakumjua Fransiska.

Baba mdogo Nestory, mdogo wake marehemu mume wa Fransiska, alikwenda kuzungumza na padri. Akarudi na habari njema, kwamba Misa ya marehemu husomwa hata pasipo mwili, kisha tanga likaanuliwa. Fransiska alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "nimemzika kaka yako, nimezika wanangu wawili, nimemzika mama yangu. Wote najua walipo. Nikitaka kusali, naelekea huko walipo. Huyu nielekee wapi? Kwenye ukuta?"

Nestory alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Hapo ndipo Fransiska alipomgeukia binti yake mkubwa, Monika, aliyekuwa amekaa kizingitini.

"Wewe si mpiga picha? Kanipigie picha mahali alipo ndugu yako. Nikipaona, someni Misa yenu, nami nitapanda kitandani."

Ni ajabu, lakini mwanamke yule alizaliwa na kuzeekea mwendo wa gari wa saa chache tu kutoka Ziwa Tanganyika na hakuwahi kuliona. Watu wa juu wana mashamba yao ya mahindi na ulezi, ziwa ni la watu wa bondeni. Migebuka, samaki wa huko, aliila ikiwa imekaushwa, basi. Na sasa miguu ile isingeweza kumfikisha hata chooni bila kushikwa.

Monika alikuwa na studio Majengo, pale Sumbawanga mjini, mwaka wa ishirini sasa. Pasipoti, harusi, kipaimara, mahafali. Mjini wanamjua kwa mambo mawili, picha zake hazichuji na mdomo wake hauna breki. Ukifumba macho wakati anapiga, utasikia habari yako mpaka mtaa wa Katandala. Kanuni yake ilikuwa moja: mtu akae katikati, asimame wima, miguu ionekane yote. Ukimkata mteja miguu atarudi na ugomvi, atasema umemwombea kilema. Kwa miaka ishirini hakuwahi kupiga picha isiyo na mtu. Ya nini? Mlima hauji studio kuchukua picha yake.

Alipanda gari, akashuka Kasanga, kijiji cha ziwani alikokuwa akivua Ignasi. Akasimama mchangani, akalitafuta ziwa kwenye kamera kama anavyomtafuta bwana harusi, akaliweka katikati, akapiga. Akapiga na nyingine za akiba. Haikupita saa moja, alikuwa ameshamaliza.

Fransiska aliipokea picha ile akiwa ameegemea ukuta, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nini?"

"Ziwa, mama."

"Mimi naona kitambaa cha bluu kimeshonewa kitambaa cha bluu. Mwanangu yuko juu ya mshono au chini yake?"

"Mama, ziwa ndivyo lilivyo! Juu mbingu, chini maji. Ulitaka nikupigie nini?"

"Usinipandishie sauti. Wewe mwenyewe hujapaona, utanionyeshaje mimi?"

Monika alitoka nje akalia nyuma ya ghala. Alilia kwa hasira, na hasira ile ilikuwa kwa sababu mama alisema kweli. Picha ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, mstari wa maji umepita katikati kama mkanda wa suruali, na jicho likiingia ndani yake halina pa kukanyaga.

Aliporudi mjini alifunga studio mapema, akakaa na simu. Siku hizi kila kitu kinafundishwa kwenye simu. Akampata bwana mmoja wa Dar, mchangamfu sana, anayefundisha kupiga picha za pwani na milima. Yule bwana akasema igawe picha mafungu matatu, mstari wa maji usikae katikati, upandishe au ushushe. Akasema weka kitu mbele, jiwe, mtumbwi, chochote, ili mtazamaji apate pa kuanzia. Piga magoti. Subiri jua la jioni. Monika alikuwa anaandika kwenye daftari la wateja, mwanamke wa miaka arobaini na minne, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Akarudi Kasanga, safari hii akalala siku mbili. Alipiga magoti mpaka yakachubuka. Alipata jiwe zuri jeusi, nyuma yake mtumbwi uliofudikizwa mchangani, maji yakawa fungu moja tu, na mbingu ya jioni ikamwagika dhahabu. Ee Mungu wangu, ilikuwa picha! Aliitazama kwenye kioo cha kamera akasema peke yake, "Monika, kumbe ulikuwa unalala." Majengo walipoiona waligombania nakala. Mwenye duka la jirani akaomba aitumie kwenye kalenda ya mwaka ujao.

Akaitia fremu, akaipeleka Msanzi. Mama aliitazama kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

"Nzuri," alisema Fransiska. "Ningekuwa na duka, ningeitundika juu ya mizani." Kisha akauliza taratibu, "Hapa ndipo alipo?"

Monika akafuta fremu kwa kiganja. Alipachagua pale kwa sababu jiwe lilikaa vizuri.

"Umenipigia mahali pazuri," mama alisema. "Sikukutuma mahali pazuri." Akageukia ukutani, akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kuliko maongezi yao yote. Kilipokatika, kitambaa alichojifutia kilikuwa na alama ya damu. Alikikunja haraka, lakini Monika alikuwa ameshaona.

Sasa ukweli ni huu, na Monika aliujua tangu safari ya kwanza ila alikuwa anauzunguka. Mtu mmoja tu duniani alijua mahali alipo Ignasi. Anaitwa Abel. Walikuwa wawili kwenye boti, wakapinduka na upepo, mmoja akarudi. Juu huku watu walisema mengi, unajua midomo ya msibani: kwamba Abel alishika dumu la kuelea peke yake, kwamba alikuwa mwogeleaji hodari, angetaka angemwokoa mwenzake. Siku ya nne ya msiba Abel alipanda kuja kutoa pole. Monika alimkuta mlangoni akamwambia mbele ya watu, "Umekuja kutuonyesha kwamba wewe mzima?" Yule bwana aligeuka, akarudi bondeni. Tangu hapo Monika alipita mbele yake mara mbili pale Kasanga, na mara zote mbili alitazama pembeni.

Kwa hiyo safari ya tatu ilimpasa kumeza kitu kikubwa kuliko koo lake. Alikimeza kwa sababu ya kile kitambaa.

Alimkuta Abel ufukweni Kasanga, ameketi chini anashona nyavu. Alipomwona akainuka wima, sindano mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Sikuja kwa salamu," Monika alisema. "Nataka unipeleke pale."

Abel hakuuliza ni wapi. "Asubuhi," alisema. "Upepo ukiwa umelala."

Walitoka alfajiri. Monika hakuwahi kupanda boti maishani, alikaa katikati amefungwa jaketi la kujiokolea, rozari imezungushwa mkononi pamoja na mkanda wa kamera. Ufukwe ulipokuwa mbali kiasi cha kumtia kizunguzungu, alishindwa kuvumilia.

"Hivi wewe unajuaje ni wapi? Maji yote si yaleyale? Hayana hata alama!"

"Maji hayana, dada. Alama ziko nchi kavu." Abel alipunguza mwendo wa mashine, akanyoosha kidole. "Unaliona boma la Wajerumani, pale mlimani? Linatakiwa lije lijifiche nyuma ya lile jabali, libaki kona moja tu. Halafu tazama kule. Bati jekundu la kanisa. Lile bati linatakiwa likae chini ya pengo la milima, katikati kabisa. Moja peke yake halitoshi. Zikikubaliana zote mbili, umefika. Nyavu zetu tunazipata hivyohivyo."

Monika aliinua kamera apate kuona vizuri. Boti likasogea, na ndani ya kioo kidogo vitu vikaanza kutembea. Bati la kanisa likateleza kushoto, pengo la milima likalifuata, jabali likapanda likaanza kulila boma polepole, dirisha moja, ukuta, dirisha la pili. Alishusha kamera akaiinua tena. Miaka ishirini amekuwa akiwasukuma watu, sogea huku, inua kidevu, geuka kidogo. Na wavuvi hawa hawawezi kuusukuma mlima wala kanisa, wanachosogeza ni mahali pao wenyewe pa kukaa, mpaka dunia ijipange. Aliona haya kidogo, peke yake, kimyakimya.

"Bado kidogo," Abel alisema. "Kidogo. Hapo."

Akazima mashine. Kimya kilichokuja kilimfanya Monika asikie maji yakigonga mbao.

Mikono ikamwongoza kwa mazoea. Ziwa lilikuwa mbele, akaelekeza kamera ziwani, kwenye maji yasiyo na mwisho. Bluu na bluu.

"Unapiga nini huko?" Abel aliuliza. "Huko hakuna kitu. Sisi tulikuwa tunatazama huku."

Monika akageuka. Milima ilikuwa bado nyeusi, jua liko nyuma yake, ukipiga sasa hupati ila kivuli. Ilibidi wasubiri lipande. Na katika kusubiri huko, hakuna pa kukimbilia mtu akiwa kwenye boti, akauliza lile lililomkaba miezi minane.

"Ulimwachia?"

"Nilimwachia," Abel alisema.

Hakujificha hata kidogo. Alisema boti lilipinduka mapema jioni, mashine ikampiga Ignasi kifuani, akawa hawezi kupanda. Yeye Abel alilala juu ya mgongo wa boti, mkono huu ameshika mbao, mkono huu amemshika Ignasi kwenye kifundo cha mkono. Upepo ukawasukuma usiku kucha. Ignasi alikuwa akitazama lile pengo, taa za malori yakishuka Kasanga, akawa anasema lile linatoka kwetu, lile linatoka kwetu. Halafu akaacha kusema. "Sikujua saa ngapi alikufa, dada. Niliendelea kushika. Kulipopambazuka vidole vilikataa, nikaviona vinafunguka vyenyewe kama si vyangu. Alipokwenda chini nikatazama alama. Bati, pengo, boma, jabali. Nilizikariri. Hakukuwa na kingine ambacho ningeweza kumfanyia."

Monika hakusema pole. Alitamani kumpiga makofi, na alitamani kulia, na kwa vile hakuweza kuamua alitazama kwenye kamera.

Jua likavuka mlima. Bati la kanisa likawaka, na chini ya pengo ikaonekana barabara, nyembamba, ikipanda na kupotea juu. Alipiga akiwa ameketi, mbingu ikawa nyingi mno. Akashuka, akalala kabisa chini ndani ya boti, akaiweka lenzi kwenye ukingo wa mbao. Sasa maji yalikuja karibu, mengi, mazito, yakaenda mpaka ufukweni, kanisa likakaa mahali pake na pengo juu yake, na barabara ikalichukua jicho ikalipeleka nyumbani. Mbingu akaiachia ukanda mdogo tu. Kwenye kona ya chini ulikuwepo mkono wa Abel umeshika ukingo wa boti, mishipa imesimama. Alitaka kumwambia autoe. Alipomwangalia usoni aliacha, akapiga hivyohivyo.

Studio, mbele ya kompyuta, hakuuacha ule mkono. Monika ameshakata watu wengi kwenye picha, waume walioachika, mawifi waliogombana, mpaka paroko msaidizi mmoja aliyefumba macho kwenye kila picha ya ndoa. Kukata mkono ni kazi ya sekunde. Aliuondoa pamoja na ukingo wote wa boti, akasafisha picha kubwa. Ilikuwa nzuri, ingawa kuna kitu kilimsumbua, ilikuwa kama inaelea. Akajiambia ni uchovu.

Msanzi alimkuta Nestory amekaa na mama. Fransiska alikuwa amepungua hata kwa hizo siku mbili. Picha wakamshikia.

"Hilo bati ni kanisa la Kasanga," Monika alieleza. "Hii ni milima yetu, upande wa chini. Na hii, mama, ni barabara. Ndiyo hii ya hapa mlangoni. Inapita hapa, inakwenda Matai, inatokea hapo kwenye pengo, inashuka."

Fransiska alifuata barabara kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akarudi mpaka juu. Kisha akageuza kichwa, akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Kwa hiyo alipo, anatazama huku."

"Ndiyo, mama. Alikuwa anatazama huku mpaka mwisho."

Basi hapo mama yule akalia. Hakulia hivyo siku ile ya habari, wala siku moja katika miezi yote minane. Alipiga ukunga wa msiba hasa, majirani wakaacha kupura ulezi wakaja mbio wakidhani amekufa mtu leo. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na walikuwa wamemngoja aanze tangu Oktoba. Nestory naye alikaa chini akalia kama mtoto.

Alipotulia, akafutwa uso, aliomba picha tena. Akaitazama kwa jicho lake lile la kukosoa.

"Wewe ulikuwa wapi unapiga hii?"

"Ndani ya boti."

"Boti liko wapi? Mbona inaning'inia?"

"Nimelikata."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mkono."

"Mkono wa nani?"

Monika alitazama sakafu. Ile picha nzima alikuwa nayo kwenye simu. Aliitoa, akaikuza kwa vidole viwili, akampa mama bila kusema jina. Fransiska alikaa na mkono ule kwa muda. Vidole vinene, kucha zimepasuka, vimeng'ang'ania ubao.

"Ni wa Abel," Monika alisema mwishowe. "Alimshika Ignasi tangu jioni mpaka kukapambazuka. Alikuwa ameshakufa, mama, na bado alimshika. Vidole ndivyo vilivyomshinda." Akautazama mlango. "Na mimi nilimfukuza hapa mlangoni. Alikuja kuzika, nikamfukuza."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakainamisha vichwa, maana baadhi yao walikuwepo siku ile, na walicheka.

"Umeona wapi kaburi likipigwa picha bila waliozika?" Fransiska alisema. Hakugomba. "Siku ya baba yenu tulisimama wote pembeni, na wenye majembe mbele. Sisi sote hapa hatukumzika huyu. Aliyekuwepo ni mmoja tu, na wewe umekwenda kumkata. Mpigie simu."

"Mama, nitaongea naye mwenyewe, wewe pumzika kwanza."

"Mpigie."

Simu iliita mara nyingi. Sauti ya Abel ilipokuja ilikuwa na wasiwasi, nyuma yake mashine za boti zinanguruma. Monika alisema, "Abel, ni mimi Monika," kisha akamwekea mama simu sikioni.

"Mwanangu," Fransiska alisema, "mimi ni mama yake Ignasi. Misa ni Jumamosi, na hatuwezi kuanza kabla hujafika."

Nestory alinyoosha mkono aichukue simu, akidhani mtandao umekatika. Fransiska alingoja. Hakuitoa simu sikioni.

"Hivyo vidole vyako," aliuliza, "vilipona?"